"Si ni rangi za maji tu? Loweka kidogo": wateja wengine watatuua

Wakuu, naomba nitoe dukuduku hapa maana nitapasuka.

Kuna chuo kimoja kilinipa oda nichore jengo lao kongwe, la mawe, lenye mnara wa saa, kwa rangi za maji. Zawadi ya profesa anayestaafu. Tukakubaliana ukubwa, bei na tarehe, wakatoa nusu. Kabla sijagusa rangi nikawatumia mchoro wa penseli. Jibu: "Safi sana, endelea." Ujumbe ninao mpaka leo.

Wiki tatu nimeinama. Karatasi ya pamba tupu, nzito, gramu 300 kwa mita ya mraba, nimeilowesha na kuibandika kingo zote kwenye ubao isije ikajikunja. Madirisha 52, yote ya fremu nyeupe. Kwa msiojua, weupe kwenye rangi za maji ni karatasi yenyewe, kwa hiyo fremu hazipakwi, unazizunguka. Nimezizunguka zote 52 kwa brashi namba 2 huku nimebana pumzi. Kivuli cha matao ni tabaka tatu za ultramarini (bluu) na sienna (kahawia), na kila tabaka likauke kwanza, la sivyo unapata tope.

Napeleka kazi, naambiwa: "Huo mti wa mbele utoe, unaziba ofisi ya mkuu." Mti ulikuwepo kwenye penseli! Upo hata kwenye picha waliyonitumia wenyewe! Nikawaeleza kwamba kijani cha ftalo kikishaingia kwenye karatasi hakitoki, ukisugua sana unachuna karatasi. Kijana wa ofisini, bila hata aibu: "Si ni rangi za maji tu? Loweka kidogo."

Loweka. Kama shati.

Nikasema basi, nachora upya kwa malipo mapya. Kimya siku nane. Mara rafiki ananirushia kadi ya mwaliko wa sherehe, na juu yake mchoro wangu, mti palepale, ila kona yenye saini imekatwa! Kumbe walipiga picha siku ile nilipoutandaza mezani kwao. Na ile nusu iliyobaki hawatoi kwa sababu eti "kazi haijakamilika".

Mchoro niliondoka nao, uko hapa ukutani unanitazama. Kadi hazikuwemo kwenye makubaliano kabisa. Aliyewahi kudai hela namna hii alianza na barua au alikwenda moja kwa moja kwa wakili? Na wale wa "ungewapa bure ujitangaze", tafadhali piteni kimya kimya.