Naomba ushauri: niuze ng'ombe au nikope baada ya mafuriko?

Ndugu zangu, mafuriko yamesomba mazao yetu yakiwa karibu kuvunwa, na udongo wenye rutuba umekwenda na maji. Wazo la kwanza lilikuwa kuuza ng'ombe wetu wawili wa kulimia. Lakini majirani wote wanauza sasa hivi, kwa hiyo bei ya mifugo imeporomoka huku nafaka ikipanda. Nikiwauza leo, msimu ujao nitalima na nini? Ndivyo kaya nyingi za vijijini zinavyozama: maji yanakauka, mtaji haurudi. Mkopo nao naogopa riba, na watoto sitaki kabisa waache shule. Mliowahi kupitia haya, mlianzia wapi? Na bima ya mazao inayolipa kwa kuangalia kipimo cha mvua, kweli inamfaa mkulima mdogo?