Yule mzee wa meza ya mwisho kanidhalilisha, leo simung'unyi maneno

Mpimabaruti: Wakuu, nimetoka uwanja wa shabaha sasa hivi, mikono inanuka baruti na kifua kinafuka moshi. Simtaji. Mnamjua. Yule mwenye kiti cha kukunja na mdomo usiokunjika.

Miezi 3 najaza risasi zangu mwenyewe. Baruti napima hadi greini 0.1 (greini ni kipimo kidogo sana cha uzito), punje ikizidi naitoa kwa kibanio kama mtu anayetoa mwiba. Urefu wa risasi nimebadilisha mara 6. Leo mita 100, nikapiga 5: mbili zimegusana, tatu kila moja imehamia kijiji chake. Nikajisemea kwa sauti, labda shingo za maganda ya risasi zinabana vichwa mno.

Ndipo akaja. Salamu hakuna. Akashika darubini ya kulengea iliyo juu ya bunduki yangu kwa vidole viwili, VIWILI, akaitikisa. Ikacheza kama jino la mtoto wa darasa la kwanza. Watu wote wanatazama! Akasema, "Kijana, baruti haina kosa," akarudi kukaa.

Vidole viwili, wakuu. Angetumia mkono mzima ningemsamehe. Na nina miaka 46, kijana ni nani?

Swali langu: mtu anagusaje bunduki ya mwenzake bila kuomba? Msiniletee habari za skrubu.

Shaba_Tupu: Kwa hiyo skrubu zilikuwa zimelegea?

Mpimabaruti: Sijauliza skrubu.

Mama Mtutu: Zilikuwa zimelegea 😂😂 Mkuu, kabla ya kugusa mizani ungepiga risasi za kiwandani, hata aina mbili, maana mtutu nao huchagua risasi. Zote zikitawanyika, ujazaji wako hauna hatia. Unakaza vishikio vya darubini, unakaza skrubu za kitako, unasafisha shaba iliyoganda ndani ya mtutu, unaangalia mdomo wake kama umechubuka. Kazi ya jioni moja, siyo miezi 3.

Mpimabaruti: Nilizipiga. Zilitawanyika. Nikaona kiwanda hakijui kazi.

Shaba_Tupu: KIWANDA HAKIJUI KAZI 😂😂😂 Fungeni uzi.

Jicho Moja: Msimcheke. Mimi nimegombana na baruti mwaka mzima, kumbe mizani naiweka chini ya feni. Upepo unasukuma sahani, namba inapanda na kushuka, nami naandika kwenye daftari kama karani.

Mpimabaruti: Asante Jicho. Lakini wewe hakuna aliyekuja na vidole viwili.

Tundu la Ufunguo: Afadhali nyie. Mimi risasi zilikuwa zinapiga karatasi kwa ubavu, matundu marefu kama ya ufunguo. Nimeuziwa vichwa vya risasi virefu, vizito, na mtutu wangu mifereji yake inazunguka mara moja kwa inchi 12, haiwezi kuvituliza. Muuzaji nilimwambia bunduki niliyonayo! Akanitazama machoni, akahesabu pesa.

Ganda Tupu: Huyo kakuuzia walau. Mimi nimechambua maganda kiwanda kwa kiwanda, nimeyapasha moto shingo moja moja zilainike, nimeinama kufunga begi, nimeinuka 20 hayapo.

Mama Mtutu: Meza ya ngapi?

Ganda Tupu: Ya tatu. Jirani yangu alikuwa na ndoo.

Jicho Moja: Yule wa ndoo!! Nilidhani ni mimi peke yangu. Anaokota hata ya moto.

Shaba_Tupu: Aliwahi kuniambia anasaidia usafi.

Mpimabaruti: Wakuu, turudi kwenye vidole viwili.

Ganda Tupu: Subiri kidogo mkuu. Ndoo ilikuwa ya rangi gani?