MGB ya 1971, mguu wa mbele: bushi za raba, za V8 au za poli? Nafumua mwenyewe nyumbani

Spana13
Wakuu habari zenu. Nina MGB ya 1971, ile gari ndogo ya michezo ya Kiingereza, ya bampa ya chuma, imekaa chini ya turubai muda mrefu sana na sasa nataka irudi barabarani. Mguu wa mbele unalia kwek kwek kila nikipita tuta, usukani unazurura yani ukinyoosha inabidi uwe unarudisha rudisha kama unapiga kasia, na tairi la kushoto linaliwa kwa ndani. Jeki ninayo, stendi nne ninazo, spana za inchi zimetimia. Kinachonichanganya ni bushi (vile vikombe laini vya kwenye maungio) za arm za chini, yani mikono ya chuma inayoshika tairi, kuna raba za kawaida zile vipande vipande, kuna zinazoitwa za V8 na kuna poliyurethani, plastiki ngumu, ndio poli. Kila ninayemuuliza ana dini yake. Mliowahi kufunga zaidi ya aina moja naomba mnipe ukweli

MzeeWaGrisi
Kijana wangu umeanzia mwisho. Bushi ukikosea unabadilisha tena wikiendi moja, mwenye gari hapo ni kingpini, ile nguzo ya chuma ambayo tairi linazungukia ukikata kona.

Kabla hujanunua chochote weka jeki chini ya sahani ya springi, lile bamba la chini springi inapokalia, sio chini ya chesisi, unataka mguu ukae kama upo njiani. Tairi likiinuka kidogo lishike juu na chini ulitikise, ukisikia linacheza mwite mtu ndani akanyage breki huku wewe unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea hiyo ni beringi ya tairi, kazi ndogo. Ukibaki ni kingpini, na kwenye MGB mara nyingi kinachokufa ni kule chini kabisa, lile tundu linalopitisha bolti ya kuunganisha kingpini na arm mbili. Linatakiwa liwe duara, la kwako nakisia limeshakuwa yai. Hizi gari zinataka bomba la grisi kila maili 3000, watu wanapiga siku ya kununua na siku ya kuuza. Na ukipiga, piga tairi likiwa hewani, maana likikanyaga chini uzito unabana upande uleule wenye njaa ya grisi, inachomokea upande mwingine wewe unasema imejaa.

PoliMoja
Mzee yupo sahihi ila kijana kauliza bushi 😂 mimi nimefunga poli na sijutii hata siku moja. Raba za kawaida kwenye hii gari zilikuwa zinapasuka haraka mno, unafunga leo baada ya muda unachungulia unakuta zinatoka pembeni kama ulimi. Poli haipasuki na mafuta hayaisumbui. Usukani unaitikia papo hapo. Kasoro yake ni mbili, njia mbaya utaisikia kwenye mikono, na usipopaka grisi ya silikoni wakati wa kufunga italia kuliko hata hiyo kwek kwek yako ya sasa

DadaBolti
Nimefunga zote tatu kwenye gari mbili tofauti kwa hiyo nitaongea kirefu kidogo mnivumilie.

Hizi za V8 zilitoka kwenye MGB GT V8 ya 1973 hadi 1976, injini kubwa kwa hiyo waliona vile vipande vya raba havitoshi wakaweka bushi moja nzima, bomba la chuma katikati na raba imegandana nalo. Zinaingia kwenye arm za MGB ya kawaida bila kuchonga kitu, unasukuma kwa jiliwa na maji ya sabuni, SIO grisi ya kawaida, grisi inavimbisha raba. Utulivu unabaki wa raba na maisha yake ni marefu kuliko zile vipande. Kwa gari ya kutembelea mimi ndio nachagua.

Ila kuna kitu watu hawaambiwi. Raba ya V8 haizunguki, inajinyonga. Bomba la katikati linabanwa na nati, arm ikipanda na kushuka raba inajisokota kidogo kisha inarudi. Sasa wewe ukiwa umeinua gari, arm inaning'inia chini kabisa, ukakaza nati palepale, umeshailaza raba kwenye pozi la kuning'inia. Ukishusha gari raba imesokotwa muda wote hata gari ikiwa imelala gereji. Mimi zangu za kwanza zilichanika upesi nikamlaumu muuzaji kwa maneno ambayo siwezi kuyarudia hapa, kumbe nilikaza hewani. Unatakiwa ukaze kwa mkono tu, shusha gari, itikise mbele mara kadhaa ikae kwenye kimo chake, ndio uingie chini na spana umalizie. Poli haina hilo tatizo, yenyewe inateleza kwenye bomba lake.

PoliMoja
@DadaBolti hapo kwenye kukaza hewani nakubali, na nadhani nusu ya wanaosema V8 mbovu walifanya hivyohivyo

ChesisiTupu
Mimi naongezea swali ambalo Spana13 hajauliza. Unafumua ikiwa kwenye gari au unashusha krosimemba nzima, ile boriti ya chuma inayobeba mguu wote wa mbele? Kwenye MGB krosimemba inashikwa na bolti nne tu, ukiitoa unafanya kazi mezani umesimama kama binadamu, unasugua kutu, unapaka rangi, na zile raba zake za juu unabadilisha. Mimi nilishusha, sirudii tena njia ya kulala chini na mchanga machoni.

MzeeWaGrisi
Usimdanganye mtoto kwamba ni bolti nne tu. Kuna mabomba ya breki ya kufungua, na reki ya usukani imekaa juu ya hiyo hiyo krosimemba, kwa hiyo ukirudisha lazima upange upya reki na shafti ya usukani zinyooke. Zikipishana kidogo ile jointi ya kati itakufa taratibu na usukani utakuwa mgumu sehemu moja. Kama chesisi haina kutu, fanya ikiwa kwenye gari.

Na springi jamani. Gari ikiwa kwenye stendi, jeki chini ya sahani, chomoa bolti mbili za sahani zinazopishana uweke ndefu za nyuzi mwanzo mwisho zenye nati, halafu toa zilizobaki na ushushe nati kidogo kidogo huku na huku mpaka springi ilegee kabisa. Usiiamini jeki peke yake. Niliwahi kuona moja imeruka ikaenda kubonyeza mlango wa friji upande wa pili wa gereji, na mwenye friji bado alikuwa ameshika spana hajui kilichotokea. Usiweke uso hapo.

Kadogo
vipi kuhusu shokapu? nasikia bora utupe zile za mkono (za zamani, zenye mkono wa chuma unaopanda na kushuka) uweke za bomba za kisasa

DadaBolti
Hapo ndipo pesa nyingi zinapopotea. Kwenye MGB ile shokapu ya mkono ndio arm ya juu yenyewe, sio kitu cha kutupa tu. Seti nyingi za kubadilisha kwenda za bomba zinaiacha palepale, unamwaga mafuta yake au unatoa valvu inabaki kama bawaba. Sasa kama shafti yake imelegea, umelipia shokapu mpya na mchezo wa juu umebaki vilevile. Jaribu kwanza, chomoa mkono kwenye kingpini uupandishe na kuushusha mwendo wote. Uzito uwe sawa juu mpaka chini, ukikuta sehemu nyepesi ghafla mafuta yamepungua, ongeza kwa juu. Watu wengi wanatumia ya foku za pikipiki. Ikivuja kwenye shafti usihangaike na sili nyumbani, pale kilicholika ni bushi ya ndani, ipeleke kwa wanaofufua au ubadilishane na iliyofufuliwa.

Spana13
Nimerudi wakuu, nimefumua upande wa kushoto jana na juzi.

Mzee ulikisia vizuri. Mtu alikanyaga breki na tairi liliendelea kucheza tak tak. Ile bolti ya chini ilikuwa imegandana na bomba lake kuwa kitu kimoja, nimepiga mafuta ya kutu siku mbili, nimepasha moto, nimegonga mpaka jirani akaja kuuliza kama kuna mtu anajenga. Mwisho nimeingiza msumeno wa chuma kwenye upenyo kati ya kingpini na arm, nikakata huku na huku, visu vitatu vimeisha. Tundu la chini kweli limekuwa yai, ukiingiza bolti mpya inatingishika kama mtoto kwenye kiatu cha baba. Na bushi ambazo ndio nilianzisha nazo uzi, hazikuwa mbaya kivile 😅

Shokapu ya kushoto ni nzuri, uzito sawa mwendo wote. Swali sasa, kingpini ninunue peke yake nibadilishe bushi za shaba mwenyewe au nichukue iliyokamilika na stabu yake (kile kipande kinachobeba tairi)?

MzeeWaGrisi
Chukua iliyokamilika. Bushi mpya zikishaingia lazima zichongwe kwa rima, chombo cha kusawazisha tundu, ya kupita zote mbili kwa mstari mmoja, hicho chombo huna na hata mafundi wengi hawana. Kazi yako itakuwa zile washa za juu zenye unene tofauti, chagua ambayo kingpini inazunguka kwa mkono bila kucheza juu na chini. Ikibana sana usukani hautarudi wenyewe baada ya kona.

ChesisiTupu
Na springi usiagize za bampa ya raba kimakosa, gari za kuanzia mwisho wa 1974 ziliinuliwa, ukifunga hizo kwako pua itaangalia mawingu

Spana13
Asanteni sana. Nimeamua bushi za V8, krosimemba ibaki kwenye gari, kingpini mbili kamili pande zote. Nimeandika kwa chokaa ukutani KAZA CHINI nisisahau. Alaimenti (kunyoosha tairi) nafanya kwa kuvuta uzi kwanza?

DadaBolti
Uzi unatosha kuifikisha gari kwa mwenye mashine. Tairi ziangalie ndani kwa mbele inchi 1/16 hadi 3/32 basi. Kemba (tairi kulala ndani au nje ukitazama kwa mbele) na kasta (kingpini kulala nyuma ukitazama ubavuni) usihangaike nazo, hazina pa kurekebishia, zikiwa zimeenda vibaya ujue kuna kitu kimepinda au kimelika. Ukifungua tairodendi, ile ncha ya fimbo ya usukani, hesabu mizunguko uandike, hapohapo ukutani.

Spana13
sijahesabu ya kushoto 🤦🏾‍♂️ tayari nimeitoa

DadaBolti
Ya kulia bado hujaigusa si ndio? Hesabu nyuzi zinazoonekana nje ya nati yake, rudisha kushoto vilevile, halafu ndio uvute uzi.