Tupeane uzoefu: uliyetumia unga (heroini), au uliyeishi na mtumiaji, njoo usimulie

Naanza mimi. Kaka yangu alianzia kwenye kokteli, yaani bangi iliyochanganywa na unga, kijiweni Kinondoni, mwaka aliomaliza kidato cha nne. Sisi tulijua ni bangi tu. Ikaondoka redio, ikafuata mitungi ya gesi. Siku moja narudi kazini nakuta wali umemwagwa kwenye sinia, sufuria halipo.

Tulimpiga. Tukamfungia chumbani siku 3. Ya pili yake akawa anapiga miayo, kamasi zinamchuruzika, anaharisha, analia kwamba mifupa inamuuma. Nikaelewa kuwa huyu haibi kwa ajili ya starehe, starehe ilishakwisha zamani. Anatafuta kete, kile kipakiti kidogo cha unga, ili aweze kusimama tu. Sasa yuko soba, nyumba ya kuachia dawa. Wenzangu, ninyi mlipitaje?

*Mpiga debe:*
Pole dada. Nimekuwa teja, mtumwa wa unga, miaka 9. Arosto, yale maumivu ya kukosa unga, haisubiri: zikipita saa nane, kumi, mwili unaanza kudai. Hela ya asubuhi stendi ilikwenda kwenye kete kabla ya chai. Mabomba ya sindano tuliazimana, nami nikaambulia homa ya ini.

Muhimbili walipoanza kutoa methadoni, dawa ya kunywa inayozuia arosto, 2011, kijiweni tulidhani ni mtego wa polisi. Aliyenivuta ni mwenzangu niliyemwona amenenepa. Unakunywa mbele ya mfamasia, kila siku, mvua inyeshe au iwe sikukuu. Watu husema nimebadilisha unga kwa unga. Hapana. Kete ilinishika saa chache. Dozi moja ya methadoni inanifikisha kesho yake, kwa hiyo nafanya kazi mpaka jioni akili ikiwa kwenye kazi. Juzi shemeji kaniachia funguo za duka. Nilikaa nazo mkononi muda mrefu.

*Mama wa Unguja:*
Assalaam alaykum wanangu. Mwanangu alikaa soba miezi minne, akatoka mzuri, ana mwili. Wiki ya pili akarudi maskani, akajidunga kiasi kilekile alichokizoea zamani. Mwili ulikuwa umeshakisahau. Tulimkuta chooni, keshafariki. Hakuna aliyenambia kabla kwamba hatari kubwa iko pale anapotoka. Ndiyo maana nakwambieni.

*Dada wa Temeke:*
Inna lillahi, pole mama. Kwa sisi wanawake kuna jingine: nilichelewa kwenda kliniki miaka miwili kwa kuogopa kunyang'anywa mtoto. Hawakuninyang'anya.

*Mwanzisha mada:*
Mama, nimesoma nikalia. Kaka yangu anatoka Jumamosi, na tulikuwa tunapanga kumfanyia sherehe kisha kila mtu arudi kwake. Nakuomba, siku zile za mwanzo, ungerudishiwa wewe ungefanya nini?

*Mama wa Unguja:*
Ningelala naye chumba kimoja, mwanangu. Laini ya simu ningembadilishia. Na nisingemwambia "ole wako ukirudia", maana aliporudia alijificha kwa kuniogopa mimi. Mlango wa choo alikuwa keshautia komeo.