Ushauri: Wafanyakazi wa supamaketi hawakai, tatizo ni mshahara au shoti?

Msimamizi_Nyakato:
Wakuu, heshima kwenu. Ninasimamia tawi la supamaketi hapa Mwanza. Mtu akishaizoea kaunta, akajua bei na mashine ya EFD ya kutolea risiti, anaaga. Mwingine haagi, anazima simu tu. Bosi anasema vijana wa sasa hawana uvumilivu, lakini mimi ninayeshinda nao naona mengine. Wanaingia saa mbili asubuhi, wanafunga saa tatu usiku, kutwa wamesimama, na chakula wanakula kwa kupokezana stoo, juu ya magunia ya mchele.

Ila kinachowavunja moyo zaidi ni shoti. Mwisho wa mwezi tukihesabu stoku, upungufu wote wanagawanyiwa, awe keshia, mpanga bidhaa au mlinzi. Juzi binti mmoja mwaminifu kabisa alipokea nusu mshahara, akaniuliza, "Kaka, mimi nimeiba nini?" Sikuwa na jibu la kumpa. Nimwambieje bosi anielewe, asidhani nimeungana nao dhidi yake?

Keshia_wa_Zamani:
Pole sana mkuu. Nimekaa kaunta Dar, hayo nayajua. Mshahara mdogo tuliujua na tukaukubali tangu siku ya kwanza. Kilichotutoa ni kutojua mwisho wa mwezi utapokea ngapi. Una kodi ya chumba, una mtoto, utapangaje? Na mwambie bosi kitu kimoja: mtu akikatwa kwa wizi ambao hakuufanya, kuna siku ataanza kuirudisha hela yake. Hapo chenji za wateja ndipo zinapoanza kupungua.

Mtu_wa_Sheria:
Msimamizi, nenda na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 28. Ili mfanyakazi akatwe kwa hasara, hasara iwe imetokea akiwa kazini na kwa kosa lake mwenyewe, aelezwe kwa maandishi chanzo na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, naye akubali kwa maandishi. Hata hapo makato yasizidi robo ya mshahara. Kugawanya hasara kwa kila aliyekuwepo hakumo kabisa. Binti huyo akienda CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, bosi atakuwa na kazi ya kujieleza.

Na saa za kawaida ni 9 kwa siku, 45 kwa wiki. Zinazozidi ni ovataimu, inalipwa mara moja na nusu.

Mama_Duka:
Mimi ni mmiliki, na bosi wako namwelewa. Upotevu unauma na faida ya rejareja ni nyembamba. Lakini kukata kila mtu kunamficha mwizi, maana hakuna anayetafutwa. Kwangu upungufu mwingi ulikuwa mlango wa kupokelea mzigo: ankara inasema katoni 20, zimeshushwa 18, na aliyesaini hakuhesabu. Tangu tuanze kuhesabu kabla gari halijaondoka, na kila keshia akawa na droo yake, wasichana wangu wametulia. Vitu vidogo vya bei, kama wembe, betri na maziwa ya kopo, tunavihesabu kila wiki. Ukingoja mwezi uishe hutajua kimepotea lini.

Kijana_Igoma:
Na viti jamani! Keshia akikaa, mteja anapungukiwa nini?

Msimamizi_Nyakato:
Nawashukuru sana. Nitaanza na hoja ya Mama Duka, maana bosi anasikia lugha ya hasara, kisha nimwonyeshe hicho kifungu. Mama, sisi mashine ni moja na makeshia wawili wanapokezana. Hiyo droo inakuwaje?

Mama_Duka:
Anayetoka anahesabu hela mbele ya anayeingia, wanaandika kwenye daftari, wote wawili wanasaini. Miamala ya lipa namba nayo ilinganishwe hapohapo, moja moja, na wewe msimamizi uwepo. Kuna wateja wanaonyesha meseji ya malipo ya kughushi na kuondoka na mzigo, halafu keshia ndiye anaitwa mwizi.