Naomba ushauri: mdogo wangu amebadilika tangu ajifungue

Ndugu zangu, naandika kutoka Ujiji kwa ajili ya mdogo wangu, aliyejifungua wiki 10 zilizopita. Siku za mwanzo alikuwa akilialia, nami sikushtuka, kwa kuwa huzuni nyepesi huwapata wazazi wengi na kwa kawaida huisha ndani ya wiki 2. Yake haikuisha. Juzi nilimkuta jikoni ameketi kwenye kigoda, migebuka inaungua, mtoto analia chumbani, maziwa yamelowesha kanga yake hadi kiunoni, naye anatazama ukuta kana kwamba hasikii lolote. Usiku hapati usingizi hata mtoto akiwa amelala, na ameninong'oneza kwamba mtoto angekuwa salama zaidi kwa mama mwingine. Kauli hiyo ndiyo iliyonitisha.

Kliniki walimpima mtoto uzito na kumpa chanjo. Hakuna aliyemuuliza mama analalaje. Shemeji anataka apelekwe kwa mganga, akiamini ni jini (sina ugomvi na dua, ila sitaki tuchelewe).

Kwa aliyepitia hali hii hapa Kigoma: je, nimpeleke moja kwa moja Hospitali ya Maweni kuulizia huduma ya afya ya akili, au nianzie zahanati ili tupate rufaa? Je, ulipewa dawa huku ukiendelea kunyonyesha, au ulianza na ushauri nasaha? Na shemeji nimweleze vipi asije akadhani mkewe amerukwa na akili? Kwa sasa nalala na mdogo wangu chumba kimoja.