Tupeane uzoefu: Biblia ya Wakatoliki na ya Waprotestanti zikikutana nyumba moja

Mwana wa Parokia
Wakuu, Tumsifu Yesu Kristo, na wa upande wa pili Bwana Yesu asifiwe. Kilichonisukuma kuandika ni sala ya jioni nyumbani kwa wakwe. Mwanangu aliambiwa achague somo, akafungua Hekima sura ya 3, pale panaposema roho za wenye haki zimo mkononi mwa Mungu. Kasoma vizuri, kwa sauti. Baba mkwe, ambaye ni mzee wa kanisa lake, akanyoosha mkono: "Hicho kitabu kimetoka wapi?" Mtoto akajibu, "Kwenye Biblia, babu." Mzee akachukua Biblia yake akapekua kuanzia Mwanzo hadi Malaki, akalamba kidole, akarudia tena upande wa Mhubiri na Wimbo Ulio Bora. Hakuna. Hekima ni kati ya vitabu vya Agano la Kale vilivyomo kwenye Biblia yetu Wakatoliki, yao haina. Mtoto akanigeukia mimi, mke wangu akaangalia chini. Tukamalizia kwa Zaburi ya 23 maana hiyo hakuna anayeibishia.

Wenye familia mchanganyiko, tupeane uzoefu. Ligi ya nani anaenda mbinguni sitaki. Nataka mlichopitia.

Shemasi Mdogo
Hata hiyo Zaburi ya 23 imeshabishiwa kwetu. Bibi yangu alikuwa na kitabu cha zamani cha Wakatoliki, kwake ni ya 22. Zaburi ni ileile, hesabu ndiyo tofauti.

Mama Pacha
Nakaa hapahapa. Haya ndiyo maisha yangu.

Mama Pacha
Ngoja niseme kabisa. Sisi ugomvi ulianzia kwenye Amri Kumi. Wanangu walikuwa mafundisho ya komunyo, na mama yangu mzazi ni wa kanisa linalofuata hesabu ya amri ya Wakalvini. Akamuuliza mmoja, "Amri ya sita inasemaje?" Mtoto: "Usizini." Mama akamkata: "Usiue!" Mwingine akaingilia kumtetea mwenzake. Nyumba nzima ikawa inabishana amri ya sita mbele ya wageni, na kila mtu anajua watu wakisema amri ya sita wanamaanisha nini, wageni wakawa hawajui waangalie wapi.

Kinachoniuma ni kwamba mama alihitimisha kwa kusema Wakatoliki wamefuta amri ya sanamu. Haijafutwa. Iko ndani ya amri ya kwanza, na ile ya kutamani mwisho imegawanywa mbili, ndiyo maana zinabaki kumi. Maandiko ya Kutoka 20 ni yaleyale na hayana namba za amri. Na Walutheri wanahesabu kama Wakatoliki, mbona hao hawaambiwi wamefuta?

Beroya
Dada, nakubaliana na wewe kwenye namba. Ila msingi wa tatizo tusiukwepe. Suala ni nani mwenye neno la mwisho. Nilizaliwa Mkatoliki, nikapata kipaimara, nikahudumu altareni. Siku moja nikamwuliza kiongozi wetu wa vijana kwa nini naungama kwa padre, akanijibu, "Kanisa limesema." Nikamwomba andiko. Akaniambia nisilete kiburi. Jibu lile ndilo lililonitoa, si kwa sababu andiko halikuwepo, ni kwa sababu hakuona haja ya kunionyesha. Waberoya wa Matendo 17 walimsikia Paulo, mtume kabisa, na bado wakachunguza Maandiko kila siku kuona kama mambo ndivyo yalivyo. Na wakasifiwa.

Katekista Mstaafu
Mwanangu Beroya, huyo kiongozi alikukosea. Yohane 20:23 ipo, angekufungulia tu: "Wowote mtakaowaondolea dhambi, wameondolewa." Unaweza kupinga tunavyolielewa, ila si kwamba hatuna andiko. Nami nimefundisha wakatekumeni, wanaojiandaa kubatizwa, muda mrefu, nimekutana na makatekista wengi wanaojibu hivyo kwa sababu hawakusoma.

Lakini nikuulize kwa upole. Orodha ya vitabu 27 vya Agano Jipya umeipata kwenye aya ipi?

Beroya
Shikamoo mzee. Sina aya. Vitabu vyenyewe vilijithibitisha makanisani, Kanisa likavitambua. Kutambua si kutengeneza.

Katekista Mstaafu
Marahaba. Askofu Athanasio aliandika orodha ya hivyo 27 mwaka 367, sinodi (mikutano ya maaskofu) za Hippo 393 na Karthago 397 zikaweka orodha yenye Tobiti, Yudithi na Makabayo ndani. Unapokea kazi yao kwenye Agano Jipya, unaikataa kwenye Agano la Kale. Hapo ndipo huwa sielewi.

Beroya
Na Yeronimo, aliyetafsiri Biblia yenu ya Kilatini, alivitilia shaka vitabu hivyo kwa sababu havikuwa kwenye orodha ya Waebrania. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu wenu, ulifunga mjadala mwaka 1546, Luther, aliyeanzisha Uprotestanti, keshafariki miezi miwili nyuma.

Shemasi Mdogo
Mtaguso wa Firenze ulishavitaja karibu miaka mia moja kabla ya Trento. Hii ya "viliongezwa 1546" iacheni jamani, imechosha.

Mwana wa Parokia
Uzoefu wakuu, uzoefu.

Binti wa Mwimbishaji
Niliapa sitaandika hii habari popote. Ila mmetaja Makabayo.

Baba yetu alikuwa mwimbishaji wa kwaya parokiani tangu ujana. Mama na kaka zangu walihamia kanisa la kilokole, baba akabaki peke yake na misale yake, kitabu cha Misa. Hawakuwahi kugombana nyumbani. Baba alipougua akaandika mwenyewe, nyuma ya jalada la misale, masomo anayotaka siku ya maziko. La kwanza likiwa 2 Makabayo sura ya 12, pale Yuda Makabayo anapochangisha drakma elfu mbili za fedha na kuzipeleka Yerusalemu itolewe sadaka kwa ajili ya askari waliokufa.

Siku ya maziko padre alipata dharura, akaja katekista. Jeneza liko kaburini pembeni, watu wamejaa. Katekista akafungua, akatangaza somo. Kaka yangu mkubwa, ambaye sasa ni mchungaji, akatoka kwenye mstari wa wafiwa, akaweka kiganja chake juu ya ukurasa. Hakupiga kelele. Alisema, "Mzee, naomba usimsomee baba yangu kitabu ambacho si Neno la Mungu." Katekista akasema, "Marehemu ameomba mwenyewe." Kaka akasema, "Waebrania 9:27. Mtu hufa mara moja, na baada ya kufa hukumu. Hakuna mchango wa drakma utakaombadilishia baba kitu." Na kiganja bado kiko palepale. Nilikiona kinatetemeka.

Wajomba upande wa baba wakaanza kusogea. Vijana wa kanisa la kaka nao wakasogea. Katekista akabaki ameshika Biblia kwa mikono miwili, hataki kuivuta isije ikachanika, hataki kuiachia. Niliamini tunapigana juu ya kaburi.

Mama ndiye aliyetembea. Ameokoka, haamini toharani (utakaso wa roho baada ya kufa), hajawahi kuficha. Akauondoa mkono wa kaka, akasema, "Huyu ni mume wangu. Someni alichoomba." Likasomwa. Kaka akageuka akaenda kusimama getini mpaka mwisho, udongo wa kwanza hakuutupa.

Mpaka leo ikitolewa Misa ya kumbukumbu ya baba, kaka anakuja, analipa usafiri wa ndugu, anakaa nje. Kanisani haingii. Nampenda kaka yangu. Na sijui mnaposema mamlaka mnamaanisha nini, maana pale palikuwa na Biblia, na Kanisa, na mchungaji, na aliyetuokoa ni mama.

Mama Pacha
Dada pole sana. Nimelia.

Kinanda
Mungu ampumzishe mzee. Kaka yako alikosa adabu, basi. Teolojia isitafutwe pale.

Mlutheri wa Siku Nyingi
Kinanda, usimhukumu haraka. Mtu anayeamini kweli kwamba kitabu si Neno la Mungu, ukimsomea kwenye kaburi la baba yake unamgusa dhamiri. Luther alipohojiwa kule Worms, Ujerumani, mwaka 1521 alisimama kwa hoja hiyohiyo, kwamba dhamiri yake imefungwa na Neno la Mungu. Ila huyo kaka angejua kwamba Luther huyohuyo hakuvitupa vitabu hivyo. Kwenye Biblia yake ya Kijerumani ya 1534 alivipanga katikati ya Agano la Kale na Jipya, akaandika kwamba havilingani na Maandiko Matakatifu lakini vinafaa na ni vizuri kuvisoma. Hata Biblia ya Kiingereza ya King James ya 1611 ilitoka navyo. Waanglikana mpaka leo Vifungu 39 vya Imani yao, kifungu cha 6, vinasema husomwa kwa mfano wa maisha, wasivitumie kuthibitisha fundisho. Kwa hiyo kusikiliza Makabayo ikisomwa hakumfanyi mtu asiwe Mprotestanti.

Beroya
Dada, pole kwa moyo wote. Nilikuwa nabishana orodha kama mtu asiyezika. Mama yako ana hekima.

Katekista Mstaafu
Binti, raha ya milele apewe baba yako. Nakuambia kitu ambacho kaka yako anaweza kukubali kukisikia. Andiko lile lilishawagawa watu kabla yake. Kwenye mdahalo wa Leipzig, mwaka 1519, Johann Eck, mtetezi wa upande wa Papa, alimtolea Luther 2 Makabayo 12 kutetea toharani, Luther akajibu kwamba kitabu hicho hakimo kwenye kanoni, yaani orodha rasmi ya vitabu vya Biblia. Na katika mjadala huohuo Eck akamsukuma mpaka akasema mitaguso inaweza kukosea, hata ule wa Konstanz uliomhukumu Jan Hus kuwa mzushi, akachomwa moto mwaka 1415. Kitabu na mamlaka vilianguka mezani pamoja. Kaka yako na yule katekista hawakuanzisha, walirithi.

Shemasi Mdogo
Na miaka kumi baadaye, Marburg 1529, Luther na Zwingli, mwanamatengenezo wa Uswisi, wote wana Biblia ileile, wakakubaliana hoja 14, ya 15 juu ya Meza ya Bwana wakaachana. Biblia peke yake hiyo.

Beroya
Na mwaka 1409 mlikuwa na mapapa watatu kwa mpigo kila mmoja akidai ufunguo wa Petro. Mamlaka peke yake hayo.

Mwana wa Parokia
Mmeanza tena, na dada wa watu hata machozi hayajakauka.

Kinanda
Ushauri wangu: sala za familia chagueni Injili nne tu. Hakuna atakayekosa ukurasa.

Mlutheri wa Siku Nyingi
Mimi napinga. Mkikwepa, watoto watadhani kuna aibu. Biblia Habari Njema ina toleo lenye Deuterokanoni, yaani hivyo vitabu tunavyobishania, inunueni iwe ya nyumbani. Asiyeziamini asisome sehemu hiyo, lakini aione ilipo.

Mama Pacha
Kwa mama yangu hiyo haitaingia mlangoni.

Mchumba
Habari za muda huu wakubwa zangu. Mimi ni Mlutheri, mwenzangu Mkatoliki, tunafunga ndoa. Mama yangu mdogo anasema Wakatoliki watanisainisha kwamba watoto watabatizwa kwao na nitabatizwa upya. Baba ameweka ngumu. Nifanyeje?

Kinanda
Fungeni bomani, mpumzike.

Shemasi Mdogo
Utasaini. Mimi dada yangu alisainishwa.

Beroya
Usisaini kitu ambacho dhamiri yako haikubali. Muulize kwanza mwenzako anaamini nini juu ya hao watoto, kabla hata ya kumuuliza padre wake.

Mlutheri wa Siku Nyingi
Mwambie baba yako kuna Tamko la Pamoja juu ya kuhesabiwa haki, lilisainiwa Augsburg tarehe 31 Oktoba 1999 kati ya Kanisa Katoliki na Shirikisho la Walutheri Duniani. Jambo lililotutenganisha na Roma kuliko mengine, wenyewe wakakubaliana msingi wake. Baba hawezi kuwa Mlutheri kuliko Shirikisho.

Beroya
Walikubaliana msingi, hawakukubaliana juu ya Papa. Mpeni habari kamili.

Katekista Mstaafu
Mchumba, msikilize huyu wa dhamiri, kasema vizuri. Sasa utaratibu. Kubatizwa upya hakuna: ubatizo wako wa maji kwa jina la Baba na Mwana na Roho Mtakatifu tunautambua, lete cheti chake. Ndoa ya Mkatoliki na mbatizwa wa kanisa lingine inahitaji ruhusa ya askofu, paroko ndiye anayeiomba. Ahadi ya kufanya yote awezayo watoto wabatizwe Katoliki anaitoa mwenzako, wewe unajulishwa tu kwamba ameitoa, ndivyo kanuni ya 1125 ya Sheria ya Kanisa ya 1983 inavyosema. Ukipewa karatasi uisaini kama wewe ndiye unayeahidi, uliza kwa heshima ni kanuni ipi. Mkitaka kufungia usharikani kwenu, inawezekana askofu akitoa kibali cha pekee, ila msifunge mara mbili, huku na kule, hilo limekatazwa. Mchungaji wako anaweza kualikwa asali nanyi. Anzeni mapema, kibali kinaweza kuchukua muda.

Mchumba
Ahsante sana mzee. Cheti kipo kwa baba.

Binti wa Mwimbishaji
Basi anza na baba, usianze na paroko. Mtumie mama yako akafungue njia.